Harufu ya Moshi katika Gari la Kulalia: Namna ya Kuitambua na Hatua za Kuchukua

Mabasi madogo ya zamani yaliyowekewa kitanda, jiko la gesi na betri ya pili hutumika nchini kwa shughuli nyingi: kupeleka wageni hifadhini, safari za familia za mwisho wa mwaka, biashara ya minadani na kazi za vijijini zinazomlazimu mtu kulala njiani. Mengi kati yake ni Toyota Hiace zilizotumika Japani kabla ya kuingizwa nchini. Machache ni Volkswagen za aina ya Kombi ambazo wenyewe wamezitunza kwa miongo mingi. Haya ni magari ambayo mafundi wengi wanayafahamu, na ndiyo sababu watumiaji huyapenda.

Hata hivyo, gari la kulalia lina tofauti moja kubwa na gari jingine lolote: watu hulala ndani yake. Hitilafu ya moshi ambayo katika gari la kawaida ni kero ya nusu saa, katika gari la kulalia inaweza kugeuka kuwa hewa inayovutwa usiku kucha. Katika makala haya tunaeleza harufu zinazojitokeza mara kwa mara, vyanzo vyake, na maswali ambayo mtumiaji anapaswa kumwuliza fundi kabla ya kulipa. Tunaanza na jambo ambalo pua haiwezi kulitambua.

Gesi isiyo na harufu

Moshi wa injini ni mchanganyiko wa gesi nyingi. Tunachonusa ni mabaki ya mafuta yasiyoungua vizuri, mvuke wa oili na misombo ya salfa. Kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo inayoua kwa haraka zaidi, haina rangi, haina harufu wala ladha. Inapovutwa hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kupeleka oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo.

Kutokana na hali hiyo, mtumiaji azingatie kanuni mbili. Kwanza, harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari ni ushahidi kwamba ipo njia inayoupitisha moshi, na njia hiyo hupitisha pia gesi isiyonuswa. Pili, kukosekana kwa harufu si ushahidi wa usalama. Pua huzoea. Harufu iliyomkera abiria alipopanda gari inaweza isimkere tena baada ya dakika chache, ilhali kiasi cha gesi kinaendelea kuongezeka. Injini ya dizeli kwa kawaida hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli, lakini tofauti hiyo si kibali cha kulala injini ikiwa inanguruma.

Njia ambazo moshi huingilia

Katika Toyota Hiace za toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, ambazo bado zipo nyingi barabarani, injini imewekwa chini ya viti vya mbele. Kinachowatenganisha dereva na injini ni mfuniko wa bati wenye mpira wa kuziba pembezoni. Kila matengenezo yanapofanyika, mfuniko huo hufunguliwa. Mpira ukichakaa, au fundi akirudisha mfuniko bila kukaza vibano vyote, harufu yoyote inayotoka kwenye injini huingia moja kwa moja ndani.

Katika Kombi, injini ipo nyuma, na mara nyingi kitanda kimejengwa juu yake. Zaidi ya hayo, Kombi zenye injini inayopozwa kwa hewa hupata joto la ndani kutokana na hewa inayopitishwa kandokando ya mabomba ya ekzosi. Mabomba hayo yakitoboka kwa kutu, anayefungulia joto kwenye baridi ya Mbeya au Lushoto hufungulia moshi pia.

Marekebisho ya kugeuza gari kuwa la kulalia huongeza njia nyingine. Sakafu hutobolewa ili kupitisha nyaya na mabomba ya maji, na mashimo hayo huachwa bila kuzibwa. Ekzosi hukatwa ili kupisha tangi la maji, na mdomo wake huishia chini ya sakafu badala ya kutokeza nje ya bodi. Vilevile, kuendesha gari mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba kwa sababu ya mzigo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huvuta moshi na kuurudisha ndani kupitia uwazi huo.

Maswali matatu kabla ya kwenda gereji

Fundi anayeambiwa tu kwamba gari linanuka atalazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari. Tunamshauri mtumiaji aandike majibu ya maswali matatu:

1. Harufu hutokea lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, wakati wa kupanda mlima, baada ya kujaza mafuta, au hata injini ikiwa imezimwa?

2. Husikika wapi? Kwenye mdomo wa ekzosi, mbele karibu na injini, chini ya gari, au ndani tu?

3. Moshi una rangi gani? Mweusi, wa bluu, mweupe unaotoweka mara moja, au mweupe unaoning'inia hewani?

Aongeze kiasi cha maji na oili anachojaza kila wiki. Uchunguzi huu ufanyike mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda au gereji iliyofungwa. Mtumiaji asiinamie mdomo wa ekzosi ili kunusa. Inatosha kusimama pembeni.

Harufu ya petroli isiyoungua

Harufu hii ikitoka kwenye ekzosi pamoja na moshi mweusi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, au moja ya plagi haichomi. Katika magari ya kabureta, chunguza choki iliyokwama au sindano ya boya isiyofunga. Katika magari yote, anza na kichujio cha hewa, kwani hakigharimu sana na barabara zetu za vumbi hukiziba mapema.

Harufu hiyohiyo ikisikika injini ikiwa imezimwa, si suala la ekzosi tena. Kuna uvujaji kwenye tangi, kwenye mipira ya mafuta au kwenye kabureta. Gari lisiwashwe, jiko lisiwashwe, na asilale mtu ndani hadi uvujaji upatikane.

Moshi wa dizeli unaochoma macho

Moshi mweupe wenye harufu kali wakati wa kuwasha injini ya dizeli asubuhi, unaokoma injini ikipata joto, mara nyingi huashiria plagi za kupasha joto zilizokufa. Moshi mweusi wakati wa kupanda mlima huelekeza kwenye kichujio cha hewa au nozeli zinazomwaga mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Tangu Januari 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha salfa katika dizeli kuwa miligramu 50 kwa kilo, kiwango kilicho chini sana ya vile vilivyotumika awali. Kwa hiyo fundi anayeeleza ukali wote wa moshi kwa kulaumu "mafuta ya siku hizi" aombwe kwanza kupima nozeli.

Harufu ya mafuta ya taa

Iwapo harufu ya mafuta ya taa inaanza baada ya kujaza mafuta, na pamoja nayo gari linapungua nguvu au injini ya petroli inagonga, upo uwezekano wa mafuta yaliyochanganywa. Uchanganyaji huu ulichochewa na tofauti ya kodi. Ili kuukabili, Tanzania ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa. Ni vyema mtumiaji adai risiti ya kielektroniki kila anapojaza mafuta, hata kama ni lita tano. Bila risiti inayoonyesha kituo, tarehe na kiasi, malalamiko yake huwa magumu kuthibitika.

Harufu ya oili iliyoungua

Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Ukitoka kwa sekunde chache tu gari linapowashwa baada ya kulala, kwa kawaida mipira ya valvu imechakaa. Ukitoka wakati wote wa kukanyaga mafuta, ringi za pistoni ndizo za kushukiwa. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko wa mtumiaji, kwa kuwa kubadili mipira ya valvu ni kazi ndogo kuliko kufungua injini nzima.

Harufu ikiwepo bila moshi wa bluu nyuma, huenda oili inadondokea juu ya ekzosi kutoka kwenye gasketi ya mfuniko wa valvu. Katika Hiace harufu hii huingia ndani upesi kwa sababu injini ipo chini ya kiti. Tiba yake mara nyingi ni gasketi moja, lakini isipuuzwe, kwani oili juu ya bomba la moto inaweza kuwaka.

Harufu tamu na mvuke mweupe

Dawa ya kupozea injini inapoungua huwa na harufu tamu kama ya sharubati. Pamoja na moshi mweupe usioisha, maji yanayopungua kwenye rejeta bila kuvuja nje, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili hii huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Ni muhimu ikumbukwe kwamba magari mengi nchini hutumia maji matupu kwenye rejeta. Katika gari kama hilo harufu tamu haitakuwepo kabisa, hivyo mtumiaji ategemee dalili nyingine. Mvuke mwepesi asubuhi ya baridi, unaotoweka baada ya dakika chache, ni wa kawaida.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mtumiaji aombe kipimo. Kipo kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya rejeta, ambacho hubadilika kuwa cha njano iwapo gesi ya moshi inapenya kwenye maji. Ni kipimo cha muda mfupi, na kinaweza kuepusha gharama isiyo ya lazima. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto.

Harufu ya yai viza: vyanzo vitatu

Harufu hii ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu katika gari la kulalia inaweza kutoka sehemu tatu tofauti, na kila moja ina hatua yake.

Ikisikika nyuma ya gari la petroli injini ikiwa moto, inatokana na kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega. Masega hunuka hivyo yanapolemewa na mafuta yasiyoungua. Kubadili masega kabla ya kurekebisha chanzo cha mafuta kuzidi ni kupoteza fedha, kwa kuwa mapya nayo yataharibika.

Ikisikika ndani, hasa baada ya safari ndefu, chunguza betri ya pili, ambayo mara nyingi hufichwa chini ya kitanda. Betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi hutoa harufu ya yai viza, pamoja na gesi ya haidrojeni inayolipuka. Dalili zake ni betri iliyovimba au yenye joto kali. Zima injini, fungua milango, usiwashe kiberiti wala swichi, na mwache fundi umeme aishughulikie gesi ikiisha kutawanyika. Katika mfumo wa volti 12, chaji inayozidi volti 15 ni ishara kwamba kidhibiti chaji kina hitilafu.

Ikisikika hata gari likiwa limeegeshwa siku nzima, na inafanana zaidi na kabichi au kitunguu kilichooza, ni gesi ya kupikia. Gesi hiyo kwa asili haina harufu, na imetiwa harufu makusudi ili uvujaji ujulikane. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Funga mtungi, fungua milango yote, toa watu nje na usiguse swichi yoyote. Hewa ikisafika, uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Ikishindikana kuufunga mtungi, piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ukiwa mbali na gari.

Harufu ya kitu kinachoungua

Mfuko wa plastiki ulionata kwenye ekzosi hunuka vibaya lakini hauna madhara makubwa. Harufu ya klachi wakati wa kupanda mlima kama Kitonga, au ya breki wakati wa kuuteremka, inamtaka dereva asimame mahali salama na kusubiri vipoe. Harufu ya nyasi zinazoungua ni jambo la dharura. Anayepita njia za majani marefu hifadhini akague chini ya gari mara kwa mara na aondoe nyasi zilizonasa kwenye ekzosi, kwani zikikauka juu ya bomba la moto zinaweza kuliteketeza gari zima.

Mbele ya fundi

Mtumiaji wa huduma ya gereji ana haki ya kujua anacholipia. Tunapendekeza mambo yafuatayo:

1. Aombe makadirio ya gharama kwa maandishi, yakitenganisha vipuri na ufundi.

2. Aombe aonyeshwe hitilafu. Ekzosi inayovuja huacha alama nyeusi za masizi kwenye maungio, na mtu asiye fundi anaweza kuziona.

3. Achukue vipuri vya zamani vilivyotolewa.

4. Asikubali masega yakatwe kwa maelezo ya jumla kwamba "yanabana injini". Ndani yake mna madini ya thamani ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na fundi asiye mwaminifu ana sababu ya kuyataka. Gari lisilo na masega hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi.

5. Baada ya matengenezo ya injini, ahakikishe kwamba mfuniko ulio chini ya viti umerudishwa na mpira wake na kukazwa pande zote.

Anayenunua gari la kulalia lililotumika aombe aliwashe likiwa limepoa kabisa. Muuzaji aliyekwisha kulipasha injini kabla ya mteja kufika amezificha nusu ya dalili tulizozieleza.

Kabla ya kulala

Zima injini. Usiiache ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi, joto au kuchaji simu. Usiegeshe karibu na lori au jenereta inayofanya kazi. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama moto umebaki makaa tu, kwa kuwa makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi bila moshi wowote wa kuonekana. Dirisha lililofunguliwa kidogo ni jema kwa hewa, lakini halifanyi mkaa au injini kuwa salama.

Kinga ya uhakika zaidi ni kununua kitambua kaboni monoksaidi. Kisichanganywe na kitambua moshi wa moto, ambacho hakiitambui gesi hii. Kwa magari ya kulalia na boti, kiwango cha kutafuta kwenye kifaa ni EN 50291-2. Kiwekwe karibu na usawa wa kichwa cha anayelala, kijaribiwe kabla ya kila safari, na kibadilishwe muda wake ulioandikwa unapokwisha.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Sumu ya kaboni monoksaidi huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Katika nchi yetu dalili hizi hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria au chakula kibovu. Yapo mambo matatu yanayosaidia kutofautisha: watu kadhaa waliomo garini huumwa kwa wakati mmoja, mara nyingi hawana homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Hali hiyo ikitokea, watoe wote kwenye hewa safi, zima injini na jiko, na uwapeleke hospitali kwa gari jingine hata kama wanasema wamepata nafuu. Mweleze mhudumu wa afya kwamba walikuwa ndani ya gari, ili afikirie kuwapa oksijeni mapema.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Malalamiko kuhusu ubora wa mafuta hupokelewa na EWURA kwa Tanzania Bara na ZURA kwa Zanzibar. Kwa Tanzania Bara, malalamiko kuhusu bidhaa au huduma iliyotolewa kwa udanganyifu yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlalamikaji aambatanishe risiti, makadirio ya gereji na maelezo yake ya maandishi kuhusu lini, wapi na kwa rangi gani moshi ulitokea. Gari lenyewe lisilaliwe hadi chanzo cha harufu kijulikane na kurekebishwa.